Mdakuzi wa Ofisi ya Walimu

Jumatatu, 13 Aprili

Daftari hili lilikuwa la maandalio ya vipindi. Maandalio nayajua kwa kichwa, lakini hasira zangu hazina pa kukaa, basi zikae humu.

Muhula huu shule yetu ya Bunju imeletewa mfumo. Mwenye shule alikuja mwenyewe kuuzindua, akakata utepe mbele ya kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha maua, akatangaza kwamba alama za kwenye karatasi basi. Kila mwalimu aingie kwa jina lake na neno lake la siri, ajaze alama za darasa lake, atume. Za Kidato cha Nne ziwe zimo kabla ya Ijumaa tarehe 29 Mei, saa kumi jioni. Mtoto ambaye alama zake hazimo atahesabiwa kwamba hakufanya kazi yoyote tangu Januari. Mimi nina watoto arobaini na sita wa Kidato cha Nne A. Miaka ishirini na saba nafundisha Kiswahili, sijachelewesha alama hata mara moja, hata mwaka niliomzika mume wangu.

Siku ya uzinduzi ukurasa wangu ulifunguka mara moja tu, nikaona majina ya watoto. Leo nimekaa mbele ya hiyo mashine saa nzima. Ni moja tu kwa walimu tisa, iko chini ya dirisha linalovuja, na pembeni yake pana ndoo. Naandika jina. Naandika neno la siri. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu yanatokea maandishi: Kipindi chako kimekwisha. Tafadhali ingia tena. Naingia tena. Kipindi chako kimekwisha. Kipindi gani? Kipindi mimi nakijua, ni dakika arobaini na kinaanza kengele ikilia. Hiki hakijaanza, kimekwishaje?

Nimemwita Hamisa, sekretari wetu, mtu wa Kunduchi, mcheshi, vidole vyake kwenye kibodi vinakwenda kama anachambua mchele. Ametazama akasema, "Ni mfumo, mwalimu." Nimekwenda kwa mkuu wa shule, Mwalimu Kornelio. Naye, bila kuinua macho: "Ni mfumo." Nimetoka na hasira nyingi kuliko nilizoingia nazo. Zamani kitu kikiharibika alikuwapo mtu wa kuulizwa. Siku hizi kuna mfumo.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimejaribu mara sita. Kipindi changu kimekwisha mara sita.

Alhamisi, 16 Aprili

Leo nimemtolea uvivu Faraji.

Faraji ndiye mdogo wetu ofisini, ana miaka ishirini na sita, ameajiriwa Januari kwa majaribio ya miezi sita. Anafundisha Kiswahili Kidato cha Nne B, mimi A. Ni mtaratibu, sauti yake ya chini, na shati lake halijawahi kukosa pasi hata siku umeme umekatika. Sina ugomvi naye ila mmoja: akiikalia kompyuta haondoki. Leo nimesimama nyuma yake dakika ishirini nzima.

"Faraji, hapo unajaza alama au unaatamia?"

Walimu wamecheka. Yeye hakucheka.

"Samahani, mwalimu. Nami inanitoa kila mara, ndiyo naanza upya."

"Basi tafuta namna ya kuingia haraka. Wengine tuna madarasa."

"Sawa, mwalimu. Nitatafuta."

Ameniachia kiti. Nimejaribu mara nne, kisha kengele imelia, nami nimekwenda darasani na uso ambao watoto wameuona tangu mlangoni wakafungua madaftari bila kuambiwa.

Ijumaa, 17 Aprili

Maajabu. Nimefungua ukurasa wangu, na mfumo umenipokea bila hata kuniuliza neno la siri. Majina ya watoto wangu yote haya hapa, namba moja hadi arobaini na sita. Nimejaza, nimetuma, imetokea alama ya vema ya kijani. Nikamwambia Hamisa kwamba mashine ni kama mtoto, ukiikaripia inasikia. Jioni nimejinunulia samaki, changu mmoja mkubwa, pale stendi.

Jumatatu, 20 Aprili

Hazimo.

Nimeingia kwa jina langu, baada ya kutolewa mara tatu, na ukurasa ni mweupe. Alama arobaini na sita, jasho la tangu Januari, hazimo. Nimemwita Hamisa kwa sauti ambayo hata jikoni wameisikia.

"Mwalimu wangu, itakuwa keshi imejaa."

"Keshi ya nani? Mshahara wenyewe wa mwezi huu sijauona."

"Si keshi ya hela. Keshi ya brauza. Na kuki. Mie huwaga nafuta kila Ijumaa, ila wiki ile mvua, nikawahi gari."

"Hamisa, mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Ukitaka kunieleza jambo nieleze kwa maneno, usinieleze kwa biskuti."

Amecheka mpaka akashika meza, kisha akaenda zake kuchapa barua za wazazi. Nilikuwa na hasira, sikumwita arudi.

Jumatano, 22 Aprili

Nimejaza upya, zote. Kijani kimetokea. Njia ya kwetu Boko imekuwa tope tupu, nimefika nyumbani viatu mkononi.

Alhamisi, 23 Aprili

Hazimo.

Ijumaa, 24 Aprili

Faraji amenifuata kwenye varanda wakati wa chai.

"Mwalimu, samahani. Alama zako zinakaa?"

"Kwa nini unauliza?"

"Zangu naona zinabadilika. Nikijaza, baadaye nakuta nyingine kabisa."

"Na wewe ulijuaje kwamba zangu hazikai?"

"Sijajua, mwalimu. Nimeuliza tu."

Nimemtazama mpaka akainamisha kichwa na kwenda. Hakuna mwalimu mwingine aliyewahi kuniuliza swali hilo. Kwetu mwizi wa kuku ndiye huwa wa kwanza kuuliza kama kuku wamerudi.

Jumatatu, 27 Aprili

Leo kioo kimeandika sentensi mpya, na nimeinakili hapa kama ilivyo: Imeshindikana kuingia. Futa vidakuzi, kisha ujaribu tena.

Vidakuzi. Nimelitazama neno hilo mpaka macho yakaniwasha. Neno hili mimi nimelifundisha. Kudakua ni kutoa siri za watu, kuchongea. Mwenye tabia hiyo ni mdakuzi. Sasa mwondoe mdakuzi katika ngeli ya A-WA, umtie kiambishi ki- cha kudunisha, kama mtu anavyokuwa kijitu, unapata kidakuzi: mdakuzi mdogo, tena wa kudharauliwa. Wingi wake vidakuzi. Kumbe mfumo wenyewe unajua! Humu ndani kuna kijitu kinachochungulia alama za wenzake na kuzichezea, na mfumo unaagiza kifutwe. Nalo neno futa halikuja bure. Mtu akiondolewa kazini Waswahili tunasema amefutwa kazi.

Na aliye mdogo ofisini mwetu ni mmoja.

Hamisa hayupo wa kumuuliza, amechukua likizo tangu Alhamisi kumuuguza mama yake. Kusema kweli, sidhani ningemuuliza. Mwalimu wa Kiswahili nikamuulize sekretari maana ya neno la Kiswahili?

Nimejisikia vibaya kwa nusu dakika, maana Faraji ni kijana wa adabu. Halafu nimekumbuka watoto wangu arobaini na sita, nikaacha kujisikia vibaya.

Jumanne, 28 Aprili

Nimekwenda kwa Mwalimu Kornelio kabla ya mstari wa asubuhi. Mkuu wetu ni mtu mwema anayependa siku iishe.

"Mkuu, ndani ya ule mfumo kuna mtu."

"Mtu gani?"

Nimemweleza kwa kituo, mzizi na viambishi vyake, hata nimemwandikia kwenye karatasi. Ameisoma, akajikuna shavu.

"Kwa hiyo unamtaja nani, Mwalimu Auleria?"

"Simtaji mtu. Nasema tu kwamba Faraji ndiye anayekaa pale kuliko wote, na ndiye aliyeniuliza kama alama zangu zinakaa."

Huko ndiko kutaja, najua. Nimetoka nimejisikia mwepesi kama niliyetua gunia.

Jumatano, 29 Aprili

Ofisi imetulia. Faraji amewapeleka wanafunzi Bagamoyo kutazama magofu, watarudi jioni. Saa tano asubuhi nimekaa kwenye kompyuta, imenipokea bila swali, nimejaza zote arobaini na sita, kijani. Hayupo, na mambo yamenyooka.

Ijumaa, 1 Mei

Mei Mosi. Nimefua kati ya mvua na mvua.

Jumatatu, 4 Mei

Hazimo. Alirudi kutoka Bagamoyo, akazifuta. Sasa sina shaka tena.

Jumanne, 5 Mei

Mwalimu Kornelio ameamka. Amefungua mfumo kwa jina lake la ukuu, lile linaloona madarasa yote, na walimu tukaitwa. Kidato cha Nne A ni cheupe. Kidato cha Nne B kimejaa, lakini kimejaa vituko: mtoto ambaye shule nzima inajua hatofautishi nomino na kitenzi ana themanini na nane, na binti anayeongoza darasa ana thelathini na moja.

"Hizi umeziingiza wewe?" mkuu akamuuliza Faraji.

"Hapana, mkuu. Zangu ni hizi." Akatoa daftari lake la alama, limefunikwa gazeti vizuri. "Nimezirekebisha mara mbili, zinarudi hivyo hivyo."

"Mfumo unaonyesha jina lako. Tarehe 17, tarehe 22, tarehe 29 Aprili. Nani mwingine ana neno lako la siri?"

"Hakuna, mkuu."

"Basi ni wewe. Umepika alama, ukafuta na za mwenzako ili usiulizwe peke yako."

Kijana alikuwa anapekua daftari lake haraka haraka, hata hizo tarehe sidhani alizisikia. Akanigeukia.

"Mwalimu Auleria, wewe unanifahamu."

Nikamjibu, "Ninachofahamu ni kwamba alama zangu hazimo."

Nililisema kwa sauti kavu na nilifurahi nilivyolisema. Hilo nalo niliandike.

Alhamisi, 7 Mei

Faraji amepewa barua. Imeandikwa kwamba amepika alama, akae nyumbani, na kazini hatathibitishwa. Amekusanya vitu vyake kwenye mfuko mmoja: kikombe, rula, kamusi. Ameniaga kama alivyowaaga wengine wote. Kidato cha Nne B nimekabidhiwa mimi hadi apatikane mwingine. Nimejiambia haki imetendeka.

Jumatatu, 11 Mei

Nimejaza. Kijani.

Jumanne, 12 Mei

Hazimo.

Alhamisi, 14 Mei

Nimejaza Jumatano, na leo hazimo. Faraji yuko kwao Ununio, hana hata ruhusa ya kupita getini. Sasa nani? Nimeipiga meza ngumi, ndoo ya chini ya dirisha ikamwaga maji. Zimebaki siku kumi na tano, na adui niliyemwondoa hakuondoka na ugonjwa. Sitaki kuandika ninachokifikiri.

Jumanne, 19 Mei

Hamisa amerudi, mama yake amepata nafuu. Nimemsimulia yote. Kwanza alitabasamu, nilipofika kwa Faraji akaacha kutabasamu.

"Mwalimu, hebu fungua kama unavyofunguaga siku zote. Mie natazama tu."

Nikafungua. Mfumo haukuuliza neno la siri, ukanionyesha watoto wangu.

"Simama hapo hapo. Soma kule juu kwenye kona, upande wa kulia."

Nilivaa miwani nikasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Herufi zilikuwa ndogo kama sisimizi. Umeingia kama: Faraji.

Nilisoma mara tatu.

"Kuki ndo hii," Hamisa akasema taratibu, ule mzaha wake wote umekwisha. "Mtu akiingia, brauza inabaki na kikaratasi chake, kama kile wanachokupa mlangoni ukiacha begi. Faraji alibonyeza pale palipoandikwa Nikumbuke, asiwe anaanza upya kila mara. Kikaratasi kikabaki. Ukija wewe, mfumo unakisoma, unajua ni yeye."

"Lakini naona darasa langu, Hamisa. Majina haya ni ya kwangu."

"Hiyo keshi. Brauza imeweka sura ya ukurasa wako wa zamani, inakuonyesha hiyo ili isihangaike kuuleta mwingine. Unaona watoto wako, ila ukituma, zinakwenda kwa aliyeingia. Namba moja wako anamkalia namba moja wake, mpaka arobaini na sita. Na siku ukijitahidi kuingia kwa jina lako, vikaratasi viwili vinagombana, ndo unaambiwa kipindi kimekwisha."

"Na vidakuzi?"

"Si ndo hizo hizo kuki, kwa Kiswahili chenu. Nilijua wewe ndo ungenielezea mie."

Nikamwomba afungue alama za B. Themanini na nane ile, namba tisa, ni ya namba tisa wangu, binti mwenye mwandiko wa kulala. Thelathini na moja ni ya namba ishirini wangu, aliyeumwa mwezi Machi. Alama zangu zote zilikuwa mle, zimewakalia watoto wa watu. Hakuna aliyezifuta, maana kwangu hazikuwahi kufika.

Nikatoa daftari hili mkobani. Tarehe 17, nimejaza, kijani. Tarehe 22, nimejaza, kijani. Tarehe 29, saa tano asubuhi, kwa mkono wangu mwenyewe, na hapo hapo nimeandika kwamba Faraji yuko Bagamoyo. Ushahidi wa kumwokoa ulikuwa unalala mkobani mwangu, kati ya leso na rozari, wakati mimi nasimama mbele ya walimu kusema ninachofahamu.

Na hilo la Nikumbuke? Nani alimwambia atafute namna ya kuingia haraka? Mimi. Nilimcheka mbele za watu, akanitii.

Kudakua ni kutoa siri za watu, kuchongea. Nililichambua neno mpaka mzizi, nikaliandika kwenye karatasi, nikalipeleka kwa mkuu kabla ya mstari. Mpumbavu mimi. Mwanamke mzima mwenye shahada, nimemfukuzisha mtoto wa mtu kazi kwa kiambishi.

Hamisa alibonyeza mahali patatu. Ilichukua nusu dakika, ukurasa ukarudi mweupe, ukaniuliza jina langu kwa adabu. Nusu dakika.

Jumatano, 20 Mei

Nimeingia kwa jina langu, nimesoma kona ya juu kwanza, nimejaza. Nimefunga, nimefungua. Zimo. Sijafurahi.

Ijumaa, 22 Mei

Nimemweleza Mwalimu Kornelio. Amesikiliza hadi mwisho, akafunga mlango.

"Sawa. Tuseme ni mfumo."

"Si mfumo, mkuu."

"Auleria, sikiliza. Tunaandika kwamba tarehe hizo tatu mfumo ulikuwa na hitilafu. Alama za B tunazirekebisha. Wewe hutajwi. Mimi sitajwi."

"Na Faraji?"

"Kijana atapata shule nyingine. Mwenye shule hapendi kuambiwa amemwondoa mtu kwa makosa."

"Barua yake inasema amepika alama. Shule gani itamchukua?"

"Barua ipo kwenye faili, nani atalifungua? Umebakiza miaka sita ustaafu. Usijitie doa uzeeni."

Nimesema nitafikiri, na kweli nimefikiri, tena kwa aibu. Neno hilo, mfumo, nimelichukia tangu Aprili, nimewachukia wote waliolitamka. Leo nimelionja nikaona lilivyo tamu. Unalisema tu, na hakuna mtu aliyekosea.

Jumatatu, 25 Mei

Kikao cha walimu, na mwenye shule alikuwapo. Mwalimu Kornelio alipofika kwenye hitilafu ya mfumo nikanyoosha mkono. Sikuwa na hotuba. Nilifungua daftari hili nikasoma: tarehe 17, tarehe 22, tarehe 29. Nikasoma na ya tarehe 28, nilivyokwenda kwa mkuu, mpaka kwenye gunia nililotua. Nilisoma kwa hasira, na safari hii hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Mwenye shule akauliza, "Kwa hiyo mfumo wangu hauna kosa?"

"Una kosa lake, mzee. Lakini mfumo haukwenda ofisini kwa mkuu kumtaja mtu. Nilikwenda mimi."

Mwenye shule akaagiza barua ya Faraji ifutwe na iandikwe nyingine ya kumrudisha, nami niandikiwe ya onyo. Zote mbili Hamisa amezichapa leo leo. Ya kwangu nimeisaini bila kusoma. Ya Faraji nimeomba niipeleke mwenyewe.

Jumatano, 27 Mei

Leo Idi, hakuna shule. Nimechukua bodaboda kutoka Boko hadi Ununio, barua nimeifunga kwenye nailoni maana mawingu hayaaminiki. Nyumba nimeelekezwa na watoto waliovaa nguo mpya.

Aliyenipokea ni mama yake, Bi Zubeda, makamo yangu, amejifunga kanga ambayo bado inanukia duka.

"Idi mubaraka," nikasema. "Mimi ni Mwalimu Auleria, kutoka shuleni kwa Faraji."

"Yakhe, ndo wewe? Karibu, dada yangu, karibu ukae. Faraji kanihadithia mno. Kanambia wewe ndo ulomwelekeza kazi tangu alipoanza."

Sikumwelekeza chochote. Nilimwonyesha kabati la chaki. Kabla sijajibu akaniwekea sahani ya pilau na kachumbari, akakaa kwenye mkeka mbele yangu.

"Kaenda kuwasindikiza wageni, sasa hivi anarudi. Mwanangu kanyong'onyea, mwalimu. Katolewa kazini na barua mbaya, na kila siku namuuliza, nani kakusema? Ana jibu moja tu. Mama, hakuna mtu, ni mfumo."

Nilirudisha kijiko kwenye sahani. Alikuwa anajua. Tangu siku ile aliponigeukia mbele ya walimu alikuwa anajua, na kwa mama yake mzazi hakunitaja.

"Bi Zubeda, si mfumo. Aliyemsema mwanao ni mimi, na nilimsema kwa uongo."

Alinitazama. Nilitamani anitukane, matusi ningeyaweza. Aliinuka, akanyoosha kanga yake.

"Kula, mwalimu," akasema. "Leo Idi."

Akaingia ndani na hakutoka tena.

Faraji alinikuta peke yangu na sahani ambayo nilikuwa nailazimisha. Nikampa barua. Alisoma akiwa amesimama, akaikunja kama ilivyokuwa. Nikamwambia yote, kona ya juu, namba tisa, Bagamoyo, neno vidakuzi na nilivyolifasiri. Alinisikiliza bila kunikatiza, kama anavyosikiliza siku zote.

"Alama za watoto wangu zimerudi?"

"Bado. Nahitaji daftari lako. Mwisho ni keshokutwa."

Akaingia ndani, akaniletea daftari lile lenye gazeti.

"Jumatatu nitakuja, mwalimu. Mtihani wa watoto uko karibu."

"Faraji, nisamehe."

Alifikiri kwanza, sikuona ukali usoni pake.

"Msamaha leo sina, mwalimu. Nisikudanganye."

Akanitafutia bodaboda, akamwambia dereva aniendeshe polepole.

Ijumaa, 29 Mei

Alama za B tumeziingiza kutoka daftari la Faraji, mimi nikisoma na Hamisa akijaza. Saa nane mchana madarasa yote mawili yamo. Mvua haikunyesha.

Jumatatu, 1 Juni

Faraji amerudi. Shati limepigwa pasi. Amepita meza hadi meza kusalimia, hakuiruka yangu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Faraji."

Kutwa nzima hakuniambia neno jingine. Saa sita nilihitaji kompyuta nikamkuta ameikalia. Safari hii nilisimama mbali, mikono nyuma. Aliponiona akamaliza haraka. Akatoka kwenye jina lake, akabonyeza kule alikobonyeza Hamisa, akafuta kila kitu. Akafungua tena ukurasa kuhakikisha, akafuta mara ya pili. Ndipo akainuka, akanipisha.